Shajara ya mradi: TV gemu ya kaseti kutoka stoo ya Kikuyu

Jumamosi, stoo

TV gemu ya kaseti, pedi mbili, bunduki ya plastiki, kaseti tatu na adapta ya volti 9. Vyote vilikuwa kwenye boksi la mafuta ya kula, stoo kwa mama, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, nyuma ya magunia ya karanga. Mama alitaka stoo isafishwe, na boksi lilishawekwa upande wa vitu vya kuuzia wanunua vyuma chakavu. "Baba, hiyo takataka unairudisha ndani?" Nikamwomba aniachie.

Plastiki ilikuwa nyeupe, sasa ni ya njano, hasa upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani enzi zile. Juu kuna jina la kubuni la Kiingereza lisilo na maana yoyote. Kwa aliyezaliwa juzi: hii ni nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliiingiza sokoni Japani Julai 1983. Famicom yenyewe sijawahi kuiona Dodoma. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na TV zilipoanza kuzoeleka sebuleni, gemu tulizozikuta madukani zilikuwa nakala za aina hii. Rafiki yangu ananicheka kwamba nahangaika kutengeneza feki. Sibishani naye. Ila watu wa rika langu hatukucheza nyingine, kwa hiyo nataka ifanye kazi kama sisi tulivyoijua, hata pale tulipoijua tofauti na Wajapani.

Kutokana na hilo, masharti ya mradi ni mafupi. Nabadilisha umeme na njia ya picha tu, maana hivyo ndivyo vilivyobadilika hapa mjini. Kasha la plastiki halitobolewi tundu jipya. Na njano haichubuliwi. Najua watu wanapaka haidrojeni peroksaidi na kuanika juani, na jua Dodoma si la kutafuta, lakini nimeona zilizotoka na mabakamabaka, na njano yenyewe hurudi baada ya muda.

Jumapili, kabla ya kuchomeka chochote

Adapta kwanza. Ni zile nzito za zamani zenye transfoma ndani. Nikaweka mita kwenye pini za ukutani: hakuna kinachosoma, koili ya upande wa umeme mkubwa imekatika. Umeme wa kupanda na kushuka umeshaua adapta nyingi za namna hii, sishangai.

Hata ingekuwa nzima nisingeiamini haraka. Nyingi za mashine hizi zilifuata Famicom kwenye jambo moja la hatari: ncha ya ndani ya plagi ni hasi na ganda la nje ni chanya, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa leo. Plagi inaingia vizuri kabisa, volti zimeandikwa zilezile, na unachoma bodi. Anayeokota mashine kama hii asikimbilie kuazima adapta ya ruta ya jirani.

Kisha bisibisi. Vumbi letu jekundu lilikuwa limeingia mpaka chini ya kitufe cha kuzimia, pamoja na maganda ya mayai ya mende. Nikalitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, bila maji.

Nilitarajia kukuta tone jeusi la gundi katikati ya bodi, maana nakala za miaka ya baadaye ziliwekwa kila kitu kwenye chipu moja iliyofunikwa hivyo, na ikifa hakuna la kufanya. Hii ni ya zamani zaidi. Ina chipu mbili kubwa, kila moja miguu 40, zimeandikwa UA6527P na UA6538, kazi ya UMC, kampuni ya Taiwan. Ya kwanza ndiyo ubongo na sauti, imeiga 2A03 ya Ricoh iliyokuwa ndani ya Famicom, ambayo nayo msingi wake ni chipu ya 6502, maarufu ya miaka ya sabini. Ya pili inachora picha. Pembeni kuna kristali ya megahezi 26.601712.

Hapo niliweka bisibisi chini nikakaa kuitazama. Chipu hizi mbili zinaeleza kwa nini gemu zetu zilikuwa vile.

Japani TV zao zilionyesha picha 60 kwa sekunde. Sisi tulifuata mfumo wa PAL, picha 50. Gemu za Famicom huhesabu muda kwa picha: kila picha moja, hatua moja. Ukizipeleka kwenye mashine ya picha 50, kila kitu kinapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Nintendo walipotengeneza mashine yao ya PAL walipunguza pia kasi ya ubongo, ikawa megahezi 1.66, na gemu za Kijapani zenye mahesabu ya kubana ya muda zikawa zinagoma au kuchora vibaya. UMC walikwenda njia nyingine. Ubongo wao unakimbia megahezi 1.77, karibu sawa kabisa na 1.79 ya Japani, na chipu ya picha inaongezewa muda wa kusubiri mwishoni mwa kila picha. Matokeo yake kaseti za Kijapani zinakubali karibu zote, noti za muziki zinabaki karibu palepale, ila wimbo unakwenda kwa mwendo wa chini. Kwangu huo ni ufundi hasa, hata kama waliofanya hivyo walikuwa wanaiga kazi ya watu.

Na kuna sauti. Chaneli mbili za juu za Famicom hupiga mawimbi ya mraba, na umbo la wimbi ndilo linaloamua kama sauti itakuwa nene au ya puani. Kwenye chipu hii ya UMC maumbo mawili yamebadilishana nafasi: palipotakiwa wimbi la nusu kwa nusu linatoka la robo, na la robo linatoka nusu. Mpwa wangu ana gemu hizihizi kwenye simu. Nilipomwambia muziki wa simu yake umekaa vibaya, akaniuliza, "Kwa hiyo mjomba, simu ndiyo inakosea?" Simu iko sahihi. Masikio yangu ndiyo ya UMC, na siyabadilishi.

Katikati ya wiki, umeme

Ndani, volti 9 zinaingia kwenye 7805, kile kijitu cha miguu mitatu chenye bati la kupozea, na zinatoka volti 5. Zile nne zinazobaki zinageuka joto. Mashine inakula chini kidogo ya nusu ampea, kwa hiyo karibu wati mbili zilikuwa zinapasha bati tu, na adapta za transfoma zikiwa hazina mzigo hutoa hata volti 12 au 13. Ndiyo maana wakubwa walikuwa wanatuambia tuizime ipumzike. Kumbe walikuwa na hoja.

Leo volti 5 ziko kila nyumba, ni chaja ya simu. Nimetoa 7805 yote, si kuiruka tu kwa waya, na nimeileta 5 moja kwa moja mahali mguu wake wa kutokea ulipokuwa. 7805 yenyewe iko kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya mashine, imegundishwa kwa selotepu. Atakayetaka kuirudisha ataikuta.

Kwa tundu la kuchomekea nimetumia kipande kidogo cha bodi chenye tundu la taipu C, kimekaa kwenye nafasi ya tundu la adapta la zamani. Kipande hicho kiwe na rezista mbili za kilo-omu 5.1 kwenye pini za CC. Bila hizo, chaja yenye taipu C pande zote mbili haitoi umeme kabisa, inasubiri kuambiwa kuna kifaa, na mtu anaweza kutupa mashine nzima akidhani imekufa. Vipande vya bei ya chini kabisa mara nyingi havina. Angalia kabla ya kulipa.

Faida isiyotarajiwa: inakubali pawabenki. Ile ya milliampea-saa 10,000 inaibeba zaidi ya saa kumi. Umeme ukikatika TV inazima na gemu inaendelea kuwaka yenyewe, hakuna anayeiona.

Majengo, kwa fundi

Picha ndiyo kazi yenyewe.

Mashine ilitoa picha kwa waya wa antena tu. Ndani kuna kiboksi cha bati kinachojifanya kituo kidogo cha televisheni, na sisi tulikuwa tunazungusha TV kutafuta hicho kituo. Tangu nchi ianze kuzima matangazo ya analojia 31 Desemba 2012, watu wamehamia ving'amuzi. TV bapa ya dada yangu pale Ilazo bado inaweza kutafuta analojia ukiibembeleza kwenye menyu, lakini picha inakuja na chengachenga na sauti inaunguruma. Nikaamua kutoa AV, njano kwa picha na nyeupe kwa sauti, kutoka kwenye chipu yenyewe.

Picha inatoka mguu wa 21 wa UA6538. Ni dhaifu, haiwezi kusukuma waya wa TV peke yake, inahitaji transista ya PNP iipe nguvu. Nilikwenda kwa fundi wangu wa redio karibu na soko la Majengo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Leo umeleta nini tena?"

Nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Aliuangalia mara moja, akavuta debe la bodi za redio kaseti zilizokufa, akachagua moja na kuipulizia vumbi. Akashika pasi ya kulehemu mkono mmoja na koleo mkono mwingine, akagusa risasi upande wa nyuma, na transista ikatoka miguu ikiwa mirefu kama mpya. A1015. "Hii. Lakini miguu yake si ya huo mchoro wako." Kweli kabisa. Mchoro ulikuwa wa 2N3906, ambayo ukiitazama usoni inakwenda emita, besi, kolekta. A1015 inakwenda emita, kolekta, besi. Angekuwa mtu mwingine angenipa tu. Nililipa mia tano, hakutaka zaidi, akasema redio ile mwenyewe hakurudi kuichukua.

Saketi ni hii, kwa maneno: mguu wa 21 unakwenda kwenye besi. Kolekta inakwenda ardhini. Emita inapata volti 5 kupitia rezista ya omu 300, na kutoka emita hiyohiyo picha inapita rezista ya 110 na kapasita ya mikrofaradi 220, kisha tundu la njano. Upande chanya wa kapasita uelekee emita.

Sauti ilikuwa rahisi. Bodi inachanganya yenyewe mguu wa 1 na wa 2 wa chipu ya ubongo kabla ya kuipeleka kwenye kiboksi cha antena, nikaichukua pale kupitia kapasita ya mikrofaradi 10. Wapo wanaotenganisha miguu hiyo miwili ili wapate sauti ya kushoto na kulia, mawimbi ya mraba huku, besi na ngoma kule. Nimesikiliza kwa hedifoni. Ni vurugu. Wimbo ulitungwa utoke spika moja, na umebaki spika moja.

Tulipowasha kwa mara ya kwanza kwenye TV ya majaribio ya fundi, rangi zilikuja, na juu yake mistari ya wima kama nondo za dirisha, inaonekana zaidi kwenye anga ya bluu. Hii inajulikana kwa kila aliyegusa mashine za ukoo huu. Njia ya shaba kutoka mguu wa 21 inapita jirani na njia za data, inaokota kelele zake. Dawa ni mguu wenyewe kuinuliwa usiguse bodi, waya mfupi uende moja kwa moja kwenye transista, na kapasita ya nanofaradi 100 iwekwe kati ya mguu wa 20 na wa 40 wa chipu ya picha, karibu iwezekanavyo. Fundi aliuinua mguu kwa ncha ya wembe huku risasi ikiwa bado moto. Mimi mkono wangu haujafika huko. Mistari haikuisha yote. Imebaki hafifu, ukikaa umbali wa kochi huioni.

TV bapa ina kasoro yake ambayo haitengenezeki upande wetu. Mashine inatuma picha nzima kila mara, mistari isiyopishana, lakini TV nyingi za kisasa zinadhani inapishana na zinajaribu kuiunganisha. Kitu kinachopepesa, kama mchezaji aliyetoka kufa akarudishwa, kwenye TV ya dada kinatoweka kabisa. Kwenye TV ya chogo ya fundi kinapepesa vizuri.

Pedi na kaseti

Pedi moja kitufe cha kulia kilikuwa kimekufa. Mpira wa ndani una kidoti cheusi cha kaboni kinachounganisha njia mbili, na kidoti kimeisha kwa kidole cha mtu fulani aliyependa sana kukimbia kulia. Nimekata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa ukubwa wa kidoti, nikaibandika kwa gundi kidogo. Ufundi wa rimoti, kila mtaa unaujua.

Pedi ya pili waya umekatika pale unapoingilia. Nimekata kipande kibovu nikaunga upya. Ndani waya unaofanya kazi ni tano tu: volti, ardhi, na tatu za mazungumzo. Vitufe vinane havina waya wake kila kimoja. Mashine inapiga picha ya vyote kwa pamoja, halafu inaviuliza kimoja kimoja kwa zamu.

Kaseti: kifutio cha penseli kwenye meno ya shaba, kisha pamba na spiriti. Kupuliza tulikokuwa tunafanya utotoni kuliweka mate, na mate yakaleta kutu. Kilichokuwa kinasaidia ni kuichomoa na kuichomeka tena. Nimemweleza mpwa. Bado anapuliza.

Kaseti moja imeandikwa 9999999 katika 1. Orodha inashuka mpaka unachoka, lakini gemu zenyewe ni chache sana, zinarudiwa kwa majina mengine na kuanzia hatua tofauti. Tulijua hata wakati ule, na bado tulibishana nani amefika namba elfu tatu.

Mwisho wa wiki, Chamwino

Hili sikulipanga. Nilikuwa naenda kumwona mjomba, kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, nikaibeba mashine pamoja na pawabenki. Kwake kuna TV ya sola, ile inayouzwa pamoja na paneli na betri, ina tundu za AV pembeni. Nilichomeka njano na nyeupe, nikabadilisha chanzo kwa rimoti, picha ikaja bila kubembeleza. Hakuna nguzo ya umeme iliyohusika. Ni jaribio ambalo adapta ya volti 9 ya mwaka ule isingeweza kulifanya.

Mpwa na binamu zake walichagua gemu ya vifaru. Jina lake ni Battle City, ya Namco, 1985, haikuuzwa Marekani kwenye mashine ya Nintendo, lakini kwa aliyekulia kwenye nakala hizi ni ya lazima. Gemu nzima ni kilobaiti 24, picha moja ya harusi kwenye WhatsApp inaizidi mara kadhaa. Ndani yake zimo hatua 35, watu wawili kwa pamoja, na ndege wa kulinda pale chini. Mjomba alitazama kimya, kisha mmoja wa watoto akampiga ndege wake mwenyewe kwa bahati mbaya na gemu ikaisha. "Sasa huyu adui anamhitaji wa nini?" mjomba akauliza, na baada ya hapo pedi ikawa yake.

Gemu hiyo ina sehemu ya kujenga uwanja wako. Uwanja una vyumba 13 kwa 13, unasogeza kifaru na kubonyeza mpaka upate unachotaka: matofali, chuma, maji, majani, barafu. Mpwa alitaka kuandika Dodoma, haikutosha. Akahesabu kwa kidole kwenye kioo: D vyumba vitatu, nafasi, O vitatu, nafasi, M vitano. Kumi na tatu kamili. Akaandika DOM kwa matofali katikati ya uwanja, akaacha mstari wa juu wazi kwa ajili ya maadui wanakotokea, na pembeni mwa ndege akaweka chuma. Wakacheza humo. M ndiyo iliyoliwa ya kwanza.

Kaseti haihifadhi uwanja, ukizima unapotea. Akaupiga picha kwa simu ya mama yake, akaujenga upya kesho yake kwa kuangalia.

Bunduki

Kwenye TV bapa haifanyi kazi, na haitafanya. Ukivuta kifyatuo, gemu ya kuwinda bata inaifanya skrini nyeusi kwa picha moja, halafu inachora mraba mweupe mahali bata alipo. Kijicho ndani ya mtutu kinasubiri kuona giza likigeuka mwanga kwa wakati huohuo. TV ya chogo inachora papo hapo, mstari kwa mstari. TV bapa inachelewa kidogo, na mwanga wake haupigi kwa mrindimo ambao kijicho kinautarajia. Waya za ndani nimezipima, ni nzima, na kwa fundi Majengo ilipiga bata. Fundi mwenyewe aliishika kwa muda mrefu kuliko mimi.

Hali ilivyo

Umeme na picha vimekamilika. Kiboksi cha antena nimekiacha mahali pake bila kukiunga. Skrubu moja ya chini haipo, natafuta ya urefu uleule. Kapasita za zamani kwenye bodi hazijavimba, naziacha mpaka zioneshe dalili. Swichi ya kuwashia inakwaruza, nitaisafisha kwa spiriti nikiifungua tena.

Fundi ana TV ya chogo ya inchi 14 ambayo mwenyewe kaitelekeza, koili ya nyuma inataka kurekebishwa. Tumeshakubaliana bei.